Usiku Mmoja Nsambya

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi mjini Kampala. Usiku ambao wifi yangu alishikwa na uchungu kaka alikuwa safarini, kwa hiyo ni mimi niliyempeleka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Nsambya, kwa teksi iliyopanda kilima kile kwa kukohoa. Wakunga walimpokea, wakanionyesha benchi, nikakaa.

Yapata saa tisa alikuja kuketi nami mtawa mzee wa shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, aliyefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nikitetemeka, maana alianza kunisimulia habari za masista sita waliofika Nsambya kutoka London tarehe 15 Januari 1903, wakafungua zahanati yao chini ya mwembe. Mmoja wao alikuwa Mwairishi wa miaka 27, Teresa Kearney, ambaye Waganda walimzoea kwa jina la Mama Kevina, naye ndiye aliyelianzisha shirika la sista huyu mwaka 1923 kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika.

Lililomchekesha sista ni kwamba Kanisa, miaka hiyo, halikutaka watawa washike kazi ya kuzalisha, ingawa wanawake wenye uchungu walikuwa mlangoni mwao. Ndiyo sababu mafunzo ya wakunga yalimtegemea sana Daktari Evelyn Connolly, ambaye hakuwa mtawa. Roma iliruhusu mwaka 1936. “Watoto hawakuwa wameisubiri Roma, mwanangu,” alisema.

Kisha akaniuliza nilikozaliwa. Nilipomjibu kwamba ni Kariakoo, Dar es Salaam, alinyamaza kidogo, akaniuliza kama najua maana ya jina hilo. Nilijua, kwa namna tunavyojua mambo ya shuleni: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Lakini sikuwahi kujiuliza wapagazi walioumia walipelekwa wapi. Baadhi yao, alisema, waliletwa hapa hapa, kwa maana misheni ya Nsambya iligeuzwa hospitali ya jeshi, na Mama Kevina aliwauguza huku akikasirishwa na ubaguzi uliowaweka nyuma ya majeruhi wa Kizungu. Mwaka 1918 Waingereza walimpa nishani. Wapagazi, nijuavyo mimi, wengi wao hata makaburi yenye majina hawakupata.

Saa kumi na moja mkunga alifungua mlango: mtoto wa kike, mama mzima. Sista alikwisha kuondoka kwenda kusali.

Asubuhi nilipompigia mama simu nilimweleza ya mtoto kwanza, kisha ya wapagazi. Alisema babu yake naye alichukuliwa kubeba mizigo, akarudi, ila hakupenda kabisa kuulizwa alikopita.