Elfu kumi ya saa 11 jioni: siku yangu moja jikoni, mtaani Gerezani, Dar es Salaam

Saa 9 usiku

Mvua iliniamsha kabla ya simu. Nilibaki kimya nikiisikiliza, kwa sababu mabati iliyokuwa inayagonga ni yangu. Ni mabati 40, niliyanunua Februari kwa mkupuo mmoja, nayo ndiyo yaliyofanya vyumba viwili nilivyosimamisha Chamazi viitwe nyumba. Kabla ya hapo nilipanga Mbagala miaka 11.

Mvua ya Aprili ikianza usiku haina haraka ya kuondoka. Anayeuza chakula anajua maana yake: mafundi hawatatoka wote, wabeba mizigo watajibanza upenuni, chakula kitabaki. Kichwa kilikuwa kizito na mafua yalikuwa yananinyemelea. Nikajiambia, leo nisiende. Watoto wamelala pakavu, hela ya mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, nilishapokea. Nani atanilaumu?

Nikaamka. Nimeamua kuiandika siku hii kwa sababu ya dakika zile chache kitandani. Wadogo zangu wanaotaka kuanza kazi ya mama lishe huniuliza nguvu ya kila siku naitoa wapi, na wanategemea niwasimulie ndoto zangu. Ndoto ninazo. Lakini saa 9 usiku, mvua inanyesha na mgongo unauma, ndoto iko mbali sana. Kilicho karibu ni elfu kumi ya saa 11 jioni. Nitaieleza saa yake ikifika.

Saa 9 na nusu

Maharage niliyoloweka jana nayabandika kwenye gesi. Huku yanachemka nakanda ngano kilo tatu za chapati. Kukanda ni nyumbani, kusukuma ni kijiweni. Namwachia binti yangu wa darasa la saba uji kwenye chupa na nauli juu ya kabati. Yeye ndiye atakayemwamsha mdogo wake.

Saa 10 na robo alfajiri

Gari la kwanza hadi Rangi Tatu, kisha lingine la Kariakoo kwa barabara ya Kilwa. Abiria wa saa hizi tunajuana kwa sura hata kama hatujuani majina: wanawake wenye ndoo wanaowahi samaki Feri, walinzi wanaokwenda kupokea lindo, muuguzi mmoja ambaye husinzia tangu Zakhem na kufumbua macho Bendera Tatu bila kuguswa na mtu. Kondakta alinipokea ndoo ya unga. "Pita ukae mama, hii niachie mimi." Hakunitoza ya mzigo. Nilishukuru kuliko anavyodhani.

Saa 11 na nusu alfajiri

Mkaa ulikuwa umelowa upande mmoja. Msaidizi wangu, binti wa miaka 22 aliyetoka Masasi mwaka juzi, alishafika kutoka Keko na anaupepea kwa ungo uliokatika. Nasikia sana habari za nishati safi. Serikali ilizindua mkakati mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mimi chai na maharage tayari ni vya gesi. Ila sufuria la wali la kulisha watu 60 linataka moto chini na moto juu, na hapo bado nautegemea mkaa.

Saa 1 hadi saa 3 asubuhi

Chai ya tangawizi, chapati, maharage. Wateja wa asubuhi ni wabeba mizigo wa Kariakoo na mafundi wa kuchomelea wa hapa hapa Gerezani. Leo walikuja nusu.

Kijana mmoja wa bodaboda huja kila siku saa 1 na dakika zake. Pikipiki yake ni ya mkataba: anampelekea mwenye chombo elfu kumi kila siku, na siku zikitimia pikipiki inakuwa yake. Anaandika hesabu kwa kalamu ya wino kwenye ngozi ya tangi la mafuta, anafuta, anaandika tena. Leo kulikuwa na 41.

"Mama, zimebaki 41. Mvua hii inataka kunirudisha nyuma."

"Kunywa chai kwanza mwanangu. Kisha utanipeleka Feri."

Saa 3 na nusu

Upepo wa usiku uliwazuia wavuvi wengi, na mnadani ilionekana. Ndoo ya vibua niliyonunua juzi kwa 45,000 leo inaanzia 60,000. Nilisimama pale nikisikiliza dalali anavyopandisha, nikapiga hesabu mara mbili, nikaiacha. Nikachukua vibua vichache kwa mafungu na dagaa wabichi wa kutosha. Dagaa wakiungwa vizuri kwa nazi, fundi mwenye njaa hawakatai.

Saa 4 na nusu

Hapa ndipo kazi yangu ilipo, na sitaki kuipita haraka.

Tui la kwanza naliweka pembeni, la pili na la tatu ndiyo ya kuchemshia. Chumvi naonja kabla mchele haujaingia, maana ukishaingia umechelewa. Mchele unatiwa tui likiwa linatokota, unakorogwa mara moja tu, unafunikwa. Maji yakikaribia kukauka unamimina lile tui zito, unaupunguza moto wa chini, na makaa unayapakia juu ya mfuniko. Kisha unatulia. Anayefunua-funua anaharibu. Nilijifunza kwa kuunguza, na hadi leo nikisikia harufu ile inapobadilika, kutoka ya nazi mbichi hadi ya nazi iliyoiva, huwa natabasamu peke yangu. Nawaambia wanaoniuliza kuhusu nguvu: kupenda kitu kimoja ndani ya kazi yako, hata kiwe kidogo kama harufu ya wali, kunasaidia. Hakutoshi, lakini kunasaidia.

Tukiwa tunapaa samaki, msaidizi wangu aliniuliza.

"Dada, unaumwa, mvua yote hii, na mchezo wako ulishapokea tangu Februari. Si ungepumzika tu leo?"

"Wenzangu hawajapokea," nikamjibu.

Akanyamaza. Nikaona jibu ni fupi mno kwake, nikamsimulia.

Mwaka 2022 nilikopa laki tano kwenye mikopo ya mitaani, ile tunayoiita kausha damu. Masharti yalikuwa elfu kumi kila siku kwa siku 70, yaani laki saba. Niliamka saa 9 usiku hivi hivi, nikapika hivi hivi, na jioni nikatoa elfu kumi. Ila nilikuwa mtu mwingine. Nikimwona kijana wa marejesho anakuja, mkono ulitetemeka hadi upawa ukagonga sufuria. Nikaanza kupunguza mboga kwenye sahani za watu. Nikawa mkali. Nikaacha hata kusema "karibu". Mwanangu mdogo akalazwa, sikufungua siku nne. Siku ya tano wakaja na kirikuu, wakabeba sufuria zangu tatu kubwa, jiko na mabenchi mawili, wateja wakiwa wamekaa.

Woga unaamsha mtu, sikatai. Lakini unamla huku unamwamsha.

Kesho yake nilikuja tu kukaa, kwa mazoea. Jirani yangu wa chapati, mwanamke ambaye tuligombania kivuli mara ngapi, akalisogeza kwangu sufuria lake la wali. "Pikia hili. Mimi leo nauza chapati tu." Wiki ile ile kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo, alikuwa anaanza mchezo mpya. Namba moja, zamu ya kwanza kupokea, inayogombaniwa na kila mtu, wakanipa mimi niliyekuwa sina hata benchi. Siku ya kumi nikapokea milioni moja na nusu, nikawalipa wale watu chao chote, nikanunua vyombo. Zikabaki siku 140 za kutoa bila kutegemea kupokea chochote. Sikukosa hata moja.

Elfu kumi ile ile, kila siku, jioni ile ile. Ya kwanza ilinikondesha. Ya pili ilinirudishia usingizi.

Saa 7 mchana

Saa ambayo mabenchi huwa hayatoshi, leo watu walikuwa tisa. Mvua ilikuwa inamwagika, mfereji umefurika, hakuna anayevuka barabara kuja kula. Sufuria limejaa.

Tukabadili mpango. Wenye maduka ya vipuri hawawezi kuacha maduka yao, lakini njaa wanayo. Wali ukaingia kwenye hotipoti mbili, mchuzi kwenye ndoo yenye mfuniko, mimi nikashika mwavuli na msaidizi akabeba sahani kwenye beseni. Duka kwa duka: "Karibu chakula, wali wa nazi, dagaa, samaki, bado wa moto." Viatu vilijaa maji. Mfanyabiashara mmoja kutoka Lubumbashi, aliyekuja kufuata mzigo, alichukua sahani mbili na akauliza kama kesho tutapita tena. Tukamaliza tumeuza sahani 46 kati ya 60 nilizozikusudia.

Yule Mkongo tulizungumza kidogo, nikamwambia nina haraka ya mchezo wa jioni. Akacheka kwa furaha, akaniambia kwao nako upo, wanauita likelemba.

Saa 9 alasiri

Tunaosha vyombo, nafungua daftari. Chai na chapati 31,000. Sahani 46 kwa 2,500 ni 115,000, ila tano zimekwenda kwa mkopo. Mkononi 133,500. Bidhaa 98,000, msaidizi 8,000, mkaa, maji na nauli 11,000. Imebaki 16,500. Nikitoa ya mchezo nabaki na 6,500 na watoto wawili wanaonisubiri.

Nilikuwa bado naitazama hesabu ile wakati fundi mmoja mzee wa kuchomelea alipoingia, kofia inachuruzika. Alikuwa anadaiwa sahani tatu tangu wiki jana. Aliweka 7,500 mezani, zimelowa, zimenyooshwa moja moja.

"Kazi leo hakuna kabisa," akasema. "Lakini nilijua na wewe hukuuza."

Alitembea kwenye mvua kwa ajili ya hilo tu. Mtu asiyekuwa na kazi siku hiyo. Nilimpakulia wali uliobaki, akakataa asiule bure, nikamwandikia deni jipya mbele ya macho yake ndipo akala.

Saa 11 jioni

Kijumbe huja na begi dogo la mkononi na daftari la jalada gumu lililofungwa kwa mpira. Tuko 15: mama lishe, wauza mitumba, wa chapati, wa maji, fundi viatu mmoja. Kila mtu elfu kumi kwa siku, kila baada ya siku kumi mmoja anabeba milioni moja na nusu, na baada ya siku 150 tumemaliza. Hakuna karatasi ya mwanasheria. Hakuna riba. Daftari lina majina na mistari, na kila mstari unawekewa alama ukiona kwa macho yako.

Leo ilikuwa siku ya 96. Mimi mzunguko huu nilikuwa namba 3, nilipokea siku ya 30, ndiyo yale mabati. Zimebaki siku 54. Watu wengi wanadhani shida ya mchezo ni kungoja kupokea. Anayengoja ana kinachomvuta. Aliyekwisha kupokea hana, na hapo ndipo mchezo mwingi unapovunjika: mtu anabadili njia ya kurudi nyumbani, simu haipatikani. Sisi tumemaliza mizunguko saba na haujavunjika.

Najua hela hizi si mtaji wa kukuza biashara kubwa. Ndiyo maana wenzangu wanne na mimi tunaandikisha kikundi tuombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato: wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa 2024, na safari hii tunataka kuwa tayari.

Nilimpa kijumbe noti kumi za elfu moja, mbili zikiwa bado na unyevu wa yule mzee. Akahesabu, akaweka alama.

"Namba 10 anapokea siku ya 100," akasema. "Anaulizia kama wote tutatimiza, na mvua hizi."

Namba 10 ni jirani yangu wa chapati. Anataka kumnunulia mwanawe cherehani. Alikuwa hatua sita tu kutoka kwangu, amekunja khanga kichwani, anajifanya anafuta meza.

"Mwambie atafute duka la cherehani," nikasema kwa sauti ya kumfikia.

Saa 2 na nusu usiku

Binti yangu amepika ugali na mchicha, ameniwekea na maji ya moto ya kuoga. Ananiuliza nimeuza, namwambia tumeuza. Mdogo wake amelala na daftari mkononi.

Nimekunywa dawa ya mafua. Nimepima maharage kilo mbili, nimechambua mawe chini ya taa, nimeyaloweka. Mvua ilikatika saa 12 jioni, sasa imeanza tena.