Haliwi, lakini asiteswe: ninavyomchoma nguruwe mwitu kwa mkuki

Hakuna ushauri unaonikera kama ule wanaopewa vijana wetu wa usasi: "Wewe choma popote, mbwa watamaliza." Hatumli nguruwe, ni kweli, lakini kutomla hakumpi mtu ruhusa ya kumtesa. Mtume ametuamrisha wema hata katika kuua.

Huku kusini Unguja tunasaka kwa mbwa na mikuki, maana nguruwe akiingia muhogoni usiku, asubuhi hukuti shina lililosimama.

Mimi nilifundishwa nilenge kichwa. Lakini kichwa cha dume ni mfupa mtupu, ubongo wenyewe mdogo, mkuki unateleza. Begani nako ngozi nene na mfupa. Mwenzetu mmoja akaona tumbo ndio rahisi. Dume likapenya miibani, sisi nyuma yake juu ya mawe makali ya uwandani, tukifuata damu nyeusi inayonuka muhogo uliochacha. Jua limeshapinduka ndio tukalikuta limejibanza chini ya jiwe, linahema, bado hai. Likampasua mbwa paja kwa jino. Dawa na kumshona ilitutoka kama elfu thelathini hivi.

Siku hizi siendi mbio. Mbwa wakishamzunguka, mimi naingia kwa ubavuni, upepo ukinijia usoni, na nasubiri. Nguruwe hugeuka kumkabili mbwa wa mbele, na akigeuka hutanguliza mguu. Hapo kwapa linafunguka: nyuma tu ya kiwiko, chini, theluthi ya kifua ukipanda kutoka chini. Moyo wake umekaa chini kuliko watu wanavyodhani. Ukipanda juu kidogo umepata mapafu, na damu yake utaijua, nyekundu yenye povu. Dume la mwisho nililolichoma hivyo halikufika hata mnazi wa pili.

Akikupa mgongo au kifua cha mbele, muache. Na mbwa wakibweka kichakani hujaona kitu, mkuki uwe chini: huenda ni paa nunga, ambaye duniani amebaki hapa Unguja na pwani ya Kenya tu. Jozani ndio kabisa, ni hifadhi ya taifa tangu 2004, mbwa hawapiti.

Kijana akinijia na mkuki butu namrudisha kwao akaunoe, hata kama wenzake wameshaondoka.