Siku moja maishani mwangu: muuza miche mwenye mkasi mfukoni

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana inanikuta nipo nje tayari, tochi ya simu mdomoni, manake huku Segerea, Dar, maji yakitoka yanatoka usiku na lazima ujaze madumu kabla hayajakata. Uwani kwangu ni hatua nane kwa sita, nimepima kwa miguu yangu mwenyewe, na humo kuna miembe mitatu, mindimu miwili, mchungwa, mpera, mkomamanga na mstafeli mmoja ambao mke wangu anasema iko siku utatuhamisha. Ndo miti mama hiyo, vikonyo vyote, vile vijitawi ninavyobebeshea (kupandikiza juu ya miche mingine) kule kitaluni, vinatoka hapa.

Kumi na mbili na nusu kumepambazuka, naanza kukata. Mwezi wa tatu huu, maembe yameisha, masika inanukia, wakati wake ndo huu. Ukizembea mpaka mwezi wa sita umekwisha, kwa sababu mwembe unatoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, sasa ncha umeshazitupa utakula nini? Mwembe wangu mkubwa una miaka saba na nauchuma nimesimama chini, ngazi sina. Watu wakiuona wanauliza hiyo mbegu fupi umeitoa wapi. Hakuna mbegu fupi jamani, hiyo ni aina ile ile ya embe Apple ambayo kwa jirani imeshapita bati. Ipo kweli miembe mifupi kwa asili, Wahindi wana Amrapali, waliipata kwa kuchanganya aina mbili, Dasheri na Neelum, ila huu wangu ni mkasi tu. Mche ulipofika kiunoni niliukata kichwa, yakatoka machipukizi kama saba, nikabakiza matatu yanayotazama pande tofauti, yakarefuka mkono mmoja nikakata tena, na kila mwaka baada ya mavuno hivyo hivyo. Kazi ni moyo, manake kukata mti wenye afya kunauma.

Leo majimoto, wale sisimizi wekundu wa miembeni, wamenishukia shingoni mpaka nimevua shati mbele ya mama mkwe. Siwapulizii dawa lakini, wale wanawinda wadudu wengi kuliko mimi.

Saa mbili niko kitaluni Kinyerezi, nimekuja na boda, vikonyo nimevifunga kwenye gazeti lililoloa. Chai ya rangi, chapati mbili, kazi. Kishina, yaani mche wa chini unaobeba kikonyo, ni mwembe wa kienyeji uliooteshwa kwenye kiriba, ukifika unene wa penseli naukata shubiri moja juu ya udongo halafu napasua katikati, sentimita tatu hivi. Kikonyo nakichonga pande mbili kiwe kama kabari, mpigo mmoja kila upande, ukirudiarudia kisu panakuwa na mawimbi na hapashiki. Kinachotakiwa kugusana ni ile nyama ya kijani chini ya ganda, ya kishina na ya kikonyo, hata upande mmoja tu inatosha. Nafunga nailoni kwa kukaza kutoka chini kwenda juu, navisha kifuko cha barafu, napeleka kivulini. Nimefanya thelathini na mbili, wiki tatu zijazo nikikuta ishirini na tano zimefumua macho nitashukuru.

Saa tano kashuka mama mmoja kwenye bajaji na mfuko, sura imekunjwa. Shikamoo mama. Marahaba, akanimwagia malimao mezani, manne, yale ya ngozi nene yenye mabonde.

"Kijana, miaka minne iliyopita uliniuzia mchungwa."

Nikajua tayari. Nikamuomba lile tawi alilokuja nalo, nikafikicha jani nikamnusisha, limao tupu. Akanionesha picha kwenye simu: ule mchungwa wenyewe upo, kijitawi kimoja chembamba kimesukumwa pembeni, na kilichotoka chini ya kile kinundu cha kubebeshea kimekuwa mti mzima na miiba yake. Kishina cha mchungwa wetu ni mlimao, una nguvu, ukiuachia chipukizi moja tu unajinyanyulia wenyewe. Mama wa watu kamwagilia mlimao miaka minne! Na kosa langu lipo, nilipomuuzia sikumwambia. Nikampa mche mwingine bure, nikamwambia akate yote yaliyotoka chini ya kinundu, asiguse cha juu, kile kijitawi kikipata jua kitaamka. Akasema mjukuu wake ana panga. Nikasema msumeno mama, tafadhali.

Saa saba wali maharage. Kijana mmoja wakati nakula anataka mche wa tufaa, yale mekundu ya dukani, eti kaona video za Ulaya miti mifupi kama yeye imejaa matunda. Ni kweli, wenzetu wana kishina kinaitwa M9, kilichaguliwa na kupewa jina kwenye kituo cha utafiti cha East Malling kule Uingereza, kinaufanya mti udumae. Ila baridi ya kuuamsha huo mti Mbagala utaitoa wapi? Nikamwambia aende Njombe. Kanunua mkomamanga.

Mchana joto, biashara imelala, nami nimelala kidogo.

Saa kumi nimepeleka mche wa ndimu kwa dada anayeishi nyumba ya kupanga, anataka mti atakaohama nao, safi sana. Pipa la lita mia mbili tumelikata nusu, matundu tumetoboa ubavuni chini kabisa badala ya kitako, tukaliweka juu ya matofali. Udongo wa juu debe mbili, samadi iliyooza debe moja, pumba za mpunga kidogo. Alitaka kuongeza samadi mbichi ya kuku, nikamshika mkono.

Saa moja nyumbani, namwagilia, naosha vidung'ata kwenye mpera kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani. Watoto wananicheka, eti baba anapiga mti mswaki.

Saa tatu usiku simu inalia, picha kutoka kwa yule mama. Msumeno umeshawekwa kwenye shina, juu kabisa ya kinundu, chini ya kile kijitawi. Chini kaandika: "Hapa?"

Nimejibu kwa herufi kubwa HAPANA MAMA KATA YALIYOTOKA CHINI YA KINUNDU, nikapiga, haipatikani. Tiki bado moja.