Kutwa kucha na kikosi cha ngoma

Saa nane usiku

Nimezima injini nyuma ya shule moja ya sekondari kusini mwa Indiana. Mahindi kila upande, joto halijapoa. Mabasi yamenitangulia, na vijana zaidi ya themanini wamesimama nje ya ukumbi wa michezo, mito kwapani, kwa sababu mwenye funguo hajafika. Simu yake inaita tu. Mkurugenzi wetu anazunguka jengo akijaribu kila kitasa. Kijana mmoja wa ngoma kubwa ameshajilaza juu ya lami, kichwa kwenye begi, anakoroma.

Kwa wasioujua mchezo huu: kila kiangazi huku Marekani, vijana ambao hawajatimiza miaka 22 hujiunga na vikosi vya tarumbeta, ngoma, marimba na bendera, wakazunguka nchi wakishindana kwenye viwanja vya mpira. Onyesho moja ni kama dakika kumi na kitu. Hupiga huku wanatembea, wanakimbia, wanachora maumbo uwanjani, na majaji hutoa alama kwa mia: 40 za mvuto wa onyesho zima, 30 za muziki, 30 za mwendo na mwonekano. Chama kinachosimamia kinaitwa Drum Corps International, DCI, na fainali yake ya kwanza ilifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972. Siku hizi kilele ni Agosti, ndani ya Lucas Oil Stadium mjini Indianapolis. Kabla ya hapo ni wiki na wiki za kulala kwenye sakafu za shule, kila usiku mji mwingine.

Mimi ni dereva wa malori. Mwaka mzima nabeba mizigo ya watu, kiangazi nachukua likizo naendesha trela la ala za kikosi, maana binti yangu anapiga melofoni, tarumbeta ya sauti ya kati. Nilikuja kubeba marimba, nikabebeshwa na mahesabu: sasa niko kwenye bodi.

Funguo zimefika saa tisa kasoro, mikononi mwa mzee aliyevaa malapa na suruali ya kulalia, anaomba radhi mpaka unamwonea huruma. Mtu akikutana nami huniuliza kuhusu muziki: mtapiga nini mwaka huu, mmepanga nini. Hajatokea hata mmoja aliyeuliza nani anashika funguo. Na kikosi changa, nawaambia, hakifi kwa muziki mbaya.

Saa tatu asubuhi

Tok. Tok. Tok. Metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, imeunganishwa na spika kubwa uwanjani na inagonga ndani ya fuvu langu. Nimelala kwenye kitanda cha nyuma ya usukani. Sheria ya serikali inanipa saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14 tangu nianze kazi, na kabla ya hapo lazima nipumzike saa 10 mfululizo. Kifaa kilichofungwa kwenye lori kinaandika kila kitu na hakibembelezeki. Kwa hiyo mpaka saa sita mchana mimi ni mgeni hapa, hata kamba sigusi.

Simu inalia. Mombasa huko ni saa kumi alasiri.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ungali na wale watu wa ngoma?”

“Ningali nao.”

“Na wakulipa?”

“Wanilisha.”

Amecheka mpaka akakohoa. “Basi umerithi. Babu yangu alikuwa wa Kingi. Beni ilimla mpaka kofia.”

Hilo la beni huwa nalifikiria sana nikiwa barabarani. Kwetu pwani, tangu mwisho wa karne ya 19, watu walivaa sare, wakashika tarumbeta na ngoma za kizungu, wakagawana vyeo vya kijeshi na kushindana mtaa kwa mtaa. Mombasa vikundi vilikuwa Kingi na Scotchi. Tanganyika ilikuwa Marini na Arinoti. Na ushindani haukuishia kwenye kupiga. Ulikuwa wa sare, wa karamu, wa nani kaja na kitu ambacho mwenzake hana. Mwisho anayeumia ni mfuko. Huku Marekani nako mambo yalianza kwa unyonge: wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, makanisa, tarumbeta za jeshi za bei ya kutupa, watoto wa mtaa wanaokuja mazoezini kwa miguu. Vikosi vilikuwa mamia. Kisha mashindano yakawa ya nchi nzima, na anayetaka kushindana akalazimika kuwa na mabasi. Mwaka 2004 vikaruhusiwa vipaza sauti, 2009 vinanda vya umeme, na kila kilichoruhusiwa mwenye nacho alinunua, asiyenacho akabaki nyuma. Leo vikosi vya vijana vinahesabika kwa makumi.

Saa nne na nusu

Chakula. Lori la jikoni limefunguliwa ubavuni, mistari miwili, mayai, viazi, matunda. Watu mia na ushee wanakula mara nne kwa siku: asubuhi, mchana, jioni, na tena baada ya onyesho usiku. Wapishi wote ni wazazi wanaojitolea, na wiki hii mzazi aliyeahidi kuja kutoka Kentucky hakuja. Mama mmoja anayeongoza jiko ananitazama kwa jicho la kuomba. Namwonyesha saa. Anasonya, ananipa sahani.

Binti yangu anapita na mtungi wake wa maji wa lita karibu nne, kila mmoja anao, umeandikwa jina kwa kalamu nyeusi. Pua imeungua jua. “Baba, ulilala?” Namjibu nililala kati ya tok na tok.

Saa sita mchana

Dirisha langu limefunguka. Kazi ya kwanza si lori; ni kukaa na mkurugenzi chini ya mti, kompyuta mpakato juu ya kreti, tukitazama akaunti.

Hapa ndipo penye kikosi chenyewe. Mwenye mabasi anataka salio lake leo kabla hayajawasha kwenda uwanjani. Waandaaji wa onyesho la wiki iliyopita watalipa, lakini watalipa mwisho wa mwezi. Ada za vijana kumi na kitu hazijakamilika. Vikosi vikubwa hutoza kila kijana dola elfu kadhaa kwa msimu, na bado ada hiyo haifiki gharama. Sisi tunatoza pungufu kwa sababu watoto wetu wengi wanafanya kazi za mkahawa ili walipe. Ukimbana asiyelipa, utamrudisha nyumbani, na ukimrudisha, kwenye onyesho linabaki tundu kama jino lililong’oka. Kila umbo uwanjani limepimwa kwa idadi ya watu. Tukiondoa mpiga baritoni mmoja, mwalimu wa mwendo analazimika kupanga upya nafasi za wenzake, na huo ni mchana mzima wa mazoezi umekwenda.

Kuanzisha kikosi ndiko watu hudhani kugumu. Ni kugumu kweli. Hujitokezi tu uwanjani. DCI huwapima wageni kwanza, wakaangalia onyesho lako na pia vitabu vyako vya fedha na namna unavyowalinda watoto wa watu. Unahitaji bima. Unahitaji ala: marimba moja ya okteva tano mpya inapita dola 10,000, na hutafuti moja. Sisi tulinunua tarumbeta zilizotumika, kutoka kikosi kikubwa kinachobadilisha zake mara kwa mara. Zina mabonde, lakini zinalia.

Ila mwaka wa kwanza una nderemo. Wazazi wanachanga, gazeti la mji linapiga picha, mfanyabiashara wa magari anatoa hundi. Mwaka wa pili picha hazipigwi, na dizeli bei ile ile. Ndiyo maana wakongwe walitafuta kitu kinachoingiza pesa hata wakati wa baridi. Blue Devils wa Concord, California, wameendesha bingo miaka nenda rudi, na ukitazama idadi ya ubingwa wao unaelewa kwamba bingo nayo inapiga tarumbeta. Njia ya pili ni kupata tajiri. Hapa Indiana, Bloomington, Bill Cook aliyetajirika kwa vifaa vya hospitali aliasisi Star of Indiana. Kikashindana mara ya kwanza mwaka 1985 na msimu huo huo kikaingia fainali, 1991 kikawa bingwa. Baada ya 1993 kikaondoka kwenye mashindano na kuingia kwenye maonyesho ya jukwaani. Sina neno na hilo, pesa ilikuwa yake. Lakini kikosi chenye mlango mmoja wa pesa, mlango ukifungwa kimefungwa.

Na usidhani umri unakinga. The Cadets walianza New Jersey mwaka 1934, wamechukua ubingwa wa DCI mara kumi, na mwaka 2024 walifunga, wamelemewa na kesi za unyanyasaji wa zamani. Kwa hiyo mkurugenzi akilalamika kwamba fomu za kuwachunguza wanaojitolea ni nyingi na mpishi wa Kentucky alikwama hapo, mimi sisogei. Asiyechunguzwa hapandi basi. Afadhali nikakaange mayai mwenyewe.

Tumekubaliana: mwenye mabasi apewe nusu leo, nusu Jumatatu. Nimempigia mimi, dereva kwa dereva. Amenung’unika, amekubali. Mkurugenzi akaanza kuniambia habari za spika mpya walizoziona kwa wenzetu. Nimefunga kompyuta.

Saa tisa alasiri

Kupakia. Sakafu ya trela ina alama za tepu za rangi: marimba mbele kabisa, vibrafoni zikifuata, makasha ya tuba ukutani, bendera juu. Kijana mmoja wa marimba, mwembamba kama ufito, ndiye bosi hapa, na anawapigia kelele wenzake wenye miili mara mbili yake. Gurudumu la vibrafoni moja limekatika. Amelifunga na kipande cha ubao na tepu, akanitazama. Nimetikisa kichwa kwamba linafaa. Vipuri viko kwenye orodha. Orodha iko kwenye akaunti ile ile.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Uwanjani. Wadogo hutangulia, wakubwa hufunga usiku, kwa hiyo zamu yetu ni saa moja na dakika kumi. Vijana wamevaa sare, wapiga ngoma wanapasha moto vifundo vya mikono maegeshoni, mashabiki wamewazunguka na simu zao. Meza yetu ya fulana imeuza kidogo.

Kisha radi. Moja tu, mbali, magharibi. Taratibu ni kwamba wote wanaondoka uwanjani na kusubiri dakika thelathini tangu radi ya mwisho. Inapiga nyingine dakika ya ishirini na tano, hesabu inaanza upya. Vijana wamerudi kwenye mabasi, wanaimba. Mimi niko kwenye lori napiga hesabu. Dirisha langu linafungwa saa nane usiku. Shule ya kesho iko mwendo wa saa tatu kasoro. Lazima niwe barabarani kabla ya saa tano, la sivyo nitalazimika kuegesha kando ya njia nilale, na asubuhi kikosi kizima kitaamka hakina hata ngoma moja. Kikosi chenye dereva wa akiba hakina shida hii. Sisi dereva wa akiba ni dua.

Saa mbili na dakika ishirini usiku

Wameingia. Nyasi zimelowa. Nimesimama mstari wa pembeni pamoja na wazazi waliosaidia kusukuma marimba, mikono ina grisi. Kuna pahala katikati ya onyesho ambapo ngoma zote zinanyamaza na melofoni zinabaki peke yake, safu moja, wakirudi nyuma bila kugeuka. Mmoja aliteleza, goti likagusa chini, akainuka na noti yake haijakatika. Hakuwa wangu. Nilipiga kelele kana kwamba ni wangu.

Alama: sitini na kitu. Tumepanda kidogo kuliko wiki iliyopita. Majaji wamesema wapiga tarumbeta wetu wanakata pumzi mwishoni, na ni kweli.

Saa nne usiku

Makaroni na maziwa maegeshoni. Yule kijana wa marimba amekuja kukaa karibu nami kwenye ngazi za trela. Amezunguka zunguka maneno, mwishowe kalitoa: Novemba anakwenda kujaribiwa kwenye kikosi kikubwa, na angependa nimwandikie barua ya kumsifu, kwa sababu nimemwona akifanya kazi.

Hili linatukuta kila mwaka. Mtoto anakuja hajui kushika vijiti vinne vya marimba kwa mara moja, tunamfundisha, akishaiva anakwenda kwa wenye mabasi mapya. Wapo kwenye bodi wanaotaka kuwafunga watoto kwa mkataba wa miaka miwili. Mimi nimepinga na nitaendelea kupinga. Mtoto ana misimu michache kabla umri haujamtoa, na si mali yetu. Lakini tukubali kwamba kufundisha kuna gharama, na kinacholipa gharama hiyo ni mfuko wa kikosi kidogo, siyo kile kinachovuna.

“Nitaandika,” nikamwambia. “Na kabla hujaondoka nifundishie mtu kupakia.”

“Nimeshaanza,” akasema, akanionyesha msichana wa miaka kumi na sita anayehesabu makasha kwa kidole.

Saa tano kasoro dakika ishirini

Milango ya trela imefungwa, taa zimekaguliwa, mabasi yanaunguruma nyuma yangu. Ripoti ya mahesabu nitaiandikia bodi nikifika. Kesho hakuna onyesho. Ni siku ya kufua, na tayari mkurugenzi ameniuliza kama kuna duka la mashine za kufulia za sarafu linalotosha watu tisini.