Konekta za bodi yangu, wiki nzima ya kukuna kichwa

Mwezi wa saba huu Mbeya mnaujua, vidole vinakakamaa mpaka pasi ya kuchomelea inageuka jiko. Basi mi nimejifungia gheto hapa Mwanjelwa nachora bodi ya kwangu mwenyewe ya FPGA, ile chipu ambayo saketi yake ya ndani unaipanga mwenyewe. Chipu haikunisumbua, nimechukua iCE40 HX4K ya miguu 144, miguu yote iko nje naiona kwa macho naichomelea kwa mkono, basi. Kilichonila wiki nzima ni konekta za pembeni, zile za kuchomekea sensa, skrini, mota, na vitu ambavyo bado hata sijavifikiria.

Tamaa ya kwanza ilikuwa FMC, konekta ya pini nyingi ya bodi za FPGA. Ile ndogo tu ina pini 160 na inakupa jozi 34 za signali za kasi, kubwa ndo usiseme, 400. Aisee nikajiona nimefika! Kuigeuza chini nakuta ni vimpira vya risasi vimejificha, hapo pasi yangu haifiki hata nikilia, halafu kila atakayetaka kuchomeka kitu chake lazima na yeye aagize nje konekta ya kupandana nayo. Watakaoitumia hii bodi ni madogo wa chuo wanaokuja na waya za jampa mfukoni, zile za kuchomeka kwenye pini bila kuchomelea. Nikaifuta.

Nikaja kwenye mstari wa pini 40 kama wa bodi ya FPGA ya DE0-Nano, signali 36, raha sana, ila graundi (njia ya umeme kurudi) 2 tu. Sasa signali ishirini zikipiga kwa pamoja umeme wote unarudia njia mbili, graundi yenyewe inaanza kuyumba na chipu inasoma vituko. Mbona ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nayo ina pini 40 hizo hizo ila graundi 8?

Halafu kuna kidonda changu. Mwaka jana mshkaji alichomeka kebo kinyume, volti 5 ikaingia mguu wa signali, na miguu ya FPGA imegawanywa kwa mabenki, kila benki na volti yake, yangu ilikuwa 3.3 na haivumilii 5 hata kidogo. Benki nzima kwaheri, na chipu ilikuwa ya kuazima, hiyo stori tuiache.

Kwa hiyo nimeweka Pmod nne, konekta ndogo za kuchomekea vifaa vya pembeni. Kila moja pini 12, signali 8, graundi 2, umeme 2, nafasi ya kawaida ya milimita 2.54 ambayo jampa zote zinaingia. Mbili nimezipa rezista za omu 200 kwenye kila signali, mtu akikosea walau kuna kinga, ila rezista zinapunguza kasi kwa hiyo mbili nyingine nimeziacha wazi kwa wanaojua wanachofanya. Pembeni mstari mmoja wa pini 40 wa kupanga mwenyewe: signali 28, graundi 10 zimetawanywa katikati, na pini mbili za volti 3.3. Volti 5 humo hakuna kabisa, anayeitaka ana tamino yake ya skrubu kona ya pili.

Na huo mstari nauwekea boksi lenye pengo upande mmoja, kebo haiingii kinyume hata ukilazimisha. Maduka ya hapa nimezunguka nikakuta ya pini 16 tu, za 40 zimetoka Kariakoo, ziko kwenye basi, jioni nashuka stendi kuzichukua.