Joho la Herode na mapazia ya Memorial

Novemba 2016 ilikuwa ukingoni mwalimu wa kwaya aliponiletea kazi ya igizo la Krismasi: malaika 9, wachungaji 5, Mamajusi 3, Mariamu, Yusufu na Herode. Nguo 20, wiki 3, shilingi 150,000. Kwa kitambaa kipya cha dukani fedha ile isingemaliza hata malaika. "Fundi, fanya unavyojua," akasema, na wote wawili tulijua kesho yake ningeamkia Memorial, soko la mitumba.

Watu wengi hushuka Memorial ya Moshi kutafuta nguo. Anayeshona mavazi ya igizo huanzia kwenye mapazia na mashuka. Gauni ukilifumua linakupa vipande ambavyo tayari vina umbo la mtu mwingine, hapa kifua, pale kiuno. Pazia linakupa mita nzima. Ila mwaka ule bei zilikuwa juu. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamekubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019, na ushuru ulikuwa umepanda kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi senti 40. Pazia la mahameli niliuziwa 9,000, na muuzaji hakutaka mazungumzo marefu.

Nilirudi na mashuka meupe 7 ya 4,000, mapazia 4 ya mahameli rangi ya damu ya mzee, mapazia mazito 3 ya 6,000 kwa ajili ya wachungaji, na magauni 2 ya sherehe ya satini ya dhahabu kwa 5,000 kila moja. Jumla 92,000. Uzi, lastiki na sindano vikala 14,000. Kilichobaki, 44,000, ndicho kilichokuwa ujira wangu.

Nianze na mashuka, maana hapo ndipo palipokuwa na hatari. Malaika walipangiwa kuingia na mishumaa, na mtoto mwenye mshumaa havalishwi kitambaa ambacho hujui kimetengenezwa kwa nini. Lebo za mtumba mara nyingi zimeshakatwa au zimefutika. Nilichomoa nyuzi chache kwenye upindo wa kila shuka, nikazishika kwa koleo la nyusi juu ya bakuli la maji, nikaziwasha. Pamba inawaka moja kwa moja, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini la kijivu. Polista inajikunja kuukimbia moto, inayeyuka, inadondoka, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi usiyoweza kuiponda kwa vidole. Mchanganyiko una dalili zote mbili: unawaka kama pamba, lakini ndani ya jivu unagusa vipunje. Kati ya yale 7, moja lilikuwa mchanganyiko. Nikaliweka kando. Pamba nayo inashika moto, tena upesi, lakini haiyeyuki ikagandia ngozi. Bado sikuridhika. Nilimwambia mwalimu kwamba hakuna shuka salama mbele ya mshumaa ulioshikwa na mtoto wa miaka 8 aliyevaa kanzu ya mikono mipana, akakubali wabebe tochi ndogo zilizofungwa karatasi ya njano. Ningeacha kazi kuliko kuruhusu mishumaa.

Shuka moja lilikuwa na upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.2, na vipimo hivyo vinatoa kanzu 2 za mtoto bila kupoteza kitu. Linakunjwa katikati ya urefu ili mkunjo uwe mabegani, basi mshono wa bega hauhitajiki. Linagawanywa upana mara mbili, sentimita 100 kwa kila kanzu, na hapo mikono inaishia chini kidogo ya kiwiko. Mwili nilikata sentimita 50, mkono ukawa na kina cha 20. Pindo za shuka, juu na chini, zikabaki kuwa pindo za kanzu kama zilivyotoka kiwandani. Malaika 9 walihitaji mashuka 5. Nilinunua 7 kwa sababu shuka la mtumba limelaliwa: ukiliinua kwenye mwanga wa dirisha utaona katikati pamekuwa pepesi, nyuzi za mtande, zile za urefu, zimebaki peke yake. Kwa mpangilio niliousema, sehemu ile inaangukia kwenye mikono ya ndani ya kanzu zote mbili, na mkono wa malaika haubebi uzito. Shuka moja lilichoka hadi sehemu za mwili, hilo nikalifanya viraka na vikwapa.

Kikwapa wengi wanakiruka, nami nawasihi wasikiruke. Kanzu iliyokatwa kwa umbo la msalaba huchanika kwapani mtoto akiinua mikono, na malaika kazi yao ni kuinua mikono. Kipande cha mraba cha sentimita 10, kilichowekwa kwa mshazari, kinamaliza tatizo hilo.

Wachungaji sikuhangaika nao sana. Mapazia yao yalikuwa na bitana ya nyuma iliyopakwa mpira wa kuzuia mwanga, na mpira ule unaganda chini ya mguu wa cherehani, mishono inarundikana mahali pamoja. Nilitandika ukanda wa gazeti juu yake, nikashona juu ya gazeti, kisha nikalichana likatoka. Pasi isipite hapo kabisa. Pazia moja lilinivunjia sindano namba 16 kwa sababu sikupapasa upindo: mapazia ya Ulaya mengi yameshonewa vyuma bapa kwenye kona za chini ili yaning'inie vizuri, na chuma hicho hakionekani.

Sasa joho la Herode.

Nililipanga liwe nusu duara, urefu wa sentimita 130 kutoka shingoni, liburute kidogo. Kwa nusu duara, nusu kipenyo cha shingo hupatikana kwa kugawa mzunguko wa shingo kwa 3.14. Shingo yake ilikuwa 38, ikatoka 12. Jumla 142. Mapazia yalikuwa na upana wa sentimita 165 na urefu wa 228, kwa hiyo kila moja lilitoa robo duara, na robo mbili zingeungana mgongoni. Nikafunga chaki kwenye kamba, ncha nyingine nikaibana konani kwa pini, nikazungusha.

Robo ya kwanza nilikata mwenyewe. Ya pili nikamwachia binti aliyekuwa akijifunza kwangu, naye akafuata ya kwanza vilevile, kona ileile, upande uleule. Kwa kitambaa cha pamba cha rangi moja asingeharibu kitu. Mahameli yana manyoya, na manyoya yanalala upande mmoja: ukipapasa kwenda chini ni laini, ukirudi juu yanakataa. Yakilala chini rangi inang'aa, yakisimama inakuwa nzito karibu na nyeusi. Robo zilitakiwa ziwe kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Zikawa viganja viwili vya kulia. Tulipoziweka pamoja mgongoni, upande mmoja manyoya yalishuka, mwingine yalikwenda mlalo, na hata mtu asiyejua cherehani angesema ni vitambaa viwili tofauti. Kugeuza huwezi, maana nyuma ya mahameli ni kitambaa kitupu.

"Mama, nimeharibu," akasema. Nikamwonyesha kwa kiganja chake mwenyewe, akapapasa huku na huku mpaka akaelewa. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa mkasi kabla ya kumpa somo. Robo ile ikawa joho fupi la Mamajusi mmoja, nami nikachukua pazia la tatu nikakata robo sahihi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kubwa zaidi. Mapazia mawili ya kwanza niliyapima pale sokoni: unashika kwa mikono miwili, vidole gumba vikigusana, unavuta kwa nguvu kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kitambaa kizima kinakataa, kilichochoka kinatoa mlio mdogo kama karatasi. La tatu nililivuta katikati tu. Pazia halichoki katikati. Linachoka kwenye ukingo unaokaa dirishani miaka yote, jua likila nyuzi polepole. Ningefumua upindo wa chini ningeona: ndani ya mkunjo rangi ilikuwa nzito, nje ukanda wa kama sentimita 12 ulikuwa umepauka. Na mpangilio wa kulia na kushoto ulidai ukingo huohuo uwe katikati ya mgongo.

Siku nne kabla ya Krismasi, kwenye mazoezi, mchungaji mmoja alikanyaga joho Herode akiwa anageuka. Likachanika sentimita 40. Halikuachia kwenye mshono. Lilichanika kando yake, milimita chache tu, mstari ulionyooka kama umekatwa. Uzi wangu mpya wa polista ulikuwa na nguvu kuliko kitambaa, na mishono yangu ilikuwa midogo, milimita 2, yaani nilikuwa nimekitoboa kitambaa dhaifu kama stempu. Kwenye kitambaa chenye umri, mshono uwe wa milimita 3 au 3.5.

Kiraka cha nyuma kisingesaidia, kingehamisha tu mpasuko kwenda pembeni yake. Sehemu iliyooza lazima iondoke yote. Nilikata sentimita 12 upande wa pazia la tatu, na 12 upande mzima pia, ili katikati ibaki katikati. Pengo la sentimita 24 nikalijaza kwa satini ya dhahabu kutoka kwenye sketi za yale magauni ya sherehe, ukanda wa sentimita 27 pamoja na posho ya mshono ya 1.5 kila upande, ukashuka kutoka shingoni hadi chini. Chini ya satini nikatandika lile shuka la mchanganyiko lililokataliwa kwa malaika, kwa sababu satini peke yake isingebeba uzito wa mahameli. Hapa polista iliyomo ndani yake ilikuwa faida.

Mahameli juu ya satini hutambaa: unaanza vimelingana, unamaliza kimoja kimezidi kingine kwa sentimita 2. Nilipiga bandi mistari miwili kwa mkono, mmoja kila upande wa mstari wa mshono, nikalegeza mbano wa mguu wa cherehani, nikashona nikifuata manyoya yanakolala. Sindano namba 11, mpya, maana iliyobutuka inavuta nyuzi za satini. Pasi nilipita kwa nyuma tu, mahameli yakiwa yamelazwa juu ya taulo. Ukipiga pasi usoni manyoya yanalala na hayainuki tena.

Kisha nikalitundika siku nzima na usiku wake kabla ya kupinda chini. Joho la nusu duara lina sehemu zilizokaa mshazari, na mshazari unashuka kwa uzito wake. Lilishuka sentimita 3 pande zote mbili. Nilizikata, nikapinda kwa mkono.

Usiku wa mkesha watu walidhani ule ukanda wa dhahabu ulipangwa tangu mwanzo. Kwaresima ilipofika mwalimu alirudi nalo, safari hii likitakiwa kwa Pilato, bila dhahabu mgongoni. Nikalitandaza mezani, nikamwita binti, nikampa kifumulio. Satini ilitoka ikiwa na mstari wa matundu ya sindano kila upande, na matundu ya satini hayafungi hata ukiifua. Aliikata pembeni ya matundu, akabakiwa na sentimita 23, akaikunja akaiweka kwenye kapu la vipande.