Kuimba kwa macho

Nikiwaza Laulupidu, tamasha la nyimbo la Estonia, simalizi kulitafakari jambo moja: pale Tallinn, mji mkuu linakofanyika, sikio la mwanakwaya humponza.

Sisi tumezoea kuambiwa na mwalimu wa kwaya, "Msikilize mwenzako." Sasa msikilize mwenzako aliye mita 70 upande wa pili wa jukwaa, uone. Sauti huenda mita kama 340 kwa sekunde, hivyo inakufikia imechelewa sekunde 0.2. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni karibu nusu ya pigo. Waimbaji zaidi ya 20,000 wakifuatana kwa masikio, wimbo unaburura mguu mpaka unasimama. Dawa ni kutobandua jicho kwenye mkono wa kiongozi, naye huwekwa juu ya mnara mbele ya jukwaa ili aonekane na wote. Aliyeinamia daftari la nyimbo hauoni mkono huo. Ndiyo maana kwaya hupewa nyimbo mapema, zikafanya mazoezi kwao, kisha wakaja wakaguzi kuzisikiliza. Isiyoiva haiendi. Mazoezi ya pamoja jukwaani ni ya siku chache tu, si mahali pa kujifunzia sauti ya tatu.

Tamasha la kwanza, mwaka 1869 katika mji wa Tartu, mambo yalikuwa mepesi zaidi: wanaume watupu, 878, waimbaji na wapiga tarumbeta. Jukwaa la sasa lenye paa la upinde ni la 1960, na upinde ule si pambo. Unazirudisha sauti kwenye mteremko wanakokaa watazamaji.

Kabla ya kuimba kuna maandamano ya kilomita kadhaa, katika mavazi ya asili. Sketi zile za mistari ni za sufu! Jua likichoma, watu huzimia, hasa wanaosimama wamekaza magoti. Legeza magoti, kunywa maji kabla ya kiu. Mvua ikija, vaa koti la nailoni. Mwavuli humziba wa nyuma asimwone kiongozi.

Mwishoni huja "Mu isamaa on minu arm", yaani "Nchi yangu ni penzi langu", maneno ya mshairi Lydia Koidula, muziki wa Gustav Ernesaks, wimbo ambao mwaka 1960, Estonia ikiwa chini ya utawala wa Kisovieti, umati uliuimba bila ridhaa ya wakubwa. Hapo mteremko mzima husimama na kuimba, nusu pigo nyuma ya jukwaa, na kiongozi hawakatazi.